Dakika za Tangi Kubwa

Nyumbani,
11 Januari

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Naandikia kwenye meza ya Babu ya kukatia vitambaa, kwa hiyo ukiona vumbi la chaki kwenye karatasi usidhani ni mapambo. Sisi huku ni wazima. Wasiwasi wetu wote tumekuelekezea wewe, maana ndiye uliyepanda basi ukaenda kukaa na watu tusiowajua. Babu anauliza kama huko kuna fundi yeyote anayeweza kushona suruali isiyobana magotini. Kama hayupo, atakuja kufungua duka. Mbele ya wateja bado ananiita mchumba wake, na wateja bado wanamwambia mchumba mwenyewe mwembamba mno. Basi anawajibu kwamba ndiyo maana jina langu ni Sindano.

Chumba chako nakifagia kila Jumamosi. Kitanda nimekiacha na shuka lile la mistari. Jirani muuza mkaa aliuliza kama tunakipangisha, naye Babu akamjibu kwamba mwenyewe yupo, ametoka kidogo tu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwalimu wa hisabati ametaka kila mmoja wetu alete hesabu inayotumika katika kazi ya ndugu yake. Mwenzangu wa dawati ataleta matofali ya baba yake. Mimi nikasema nitaleta hesabu ya kiwanda cha hamira. Kuna msichana akauliza kama huyo mama mdogo anauza mikate, darasa likacheka. Kwa kweli hata mimi sijui unafanya nini. Najua unapika kitu kwa mvuke ndani ya tangi. Najua pia kwamba tangi kubwa jipya likitoka salama utapewa nyumba ya wafanyakazi yenye vyumba viwili, uje utuchukue. Hilo la pili nalijua vizuri zaidi kuliko la kwanza.

Niandikie. Kwenye simu ya Babu sauti yako husikika kama mtu anayekaanga kitu.

Mwanao,
Sindano


Kiwandani,
2 Februari

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, hata viatu sijavua. Mimi ni mzima. Chumba changu kina kuta za kijani hadi kiunoni, na dirisha linatazama gereji ya kuchomelea vyuma, kwa hiyo jioni napata cheche za bure. Majirani ni watu wema. Tunasalimiana.

Mwambie Baba suruali za huku zinabana kila mahali, aje na mkasi wake.

Kazi yangu ni hii. Hamira ni kiumbe hai. Tunailisha mchanganyiko wa maji, sukari na virutubisho, ambao sisi tunauita uji, ingawa rangi yake ni kama chai nyepesi. Tunataka hamira iule peke yake. Shida ni kwamba vijidudu vingine huupenda uji huohuo na hula haraka kuliko hamira. Ndiyo maana kabla ya kuipanda hamira tunalifunga tangi na kuupika uji kwa mvuke wenye shinikizo, mpaka vife hata vile vilivyojifungia ndani ya ganda gumu kama mbegu. Mimi ndiye ninayetoa jibu la swali moja: tupike kwa muda gani?

Vijidudu havifi kwa mpigo mmoja. Kwa joto tunalotumia, nyuzi mia moja ishirini na moja, kila dakika inayopita hubakiza kimoja katika kila kumi. Vikiwa milioni, baada ya dakika moja ni laki moja, dakika inayofuata elfu kumi. Kila punguzo kama hilo mimi naliita ngazi. Ajabu ni kwamba unashuka na kushuka lakini sifuri hufiki. Ukifika kimoja na ukaendelea kupika dakika moja zaidi, unabaki na sehemu ya kumi ya kijidudu. Usicheke. Maana yake ni kwamba ukipika matangi kumi namna hiyo, katika moja bado kitakuwepo. Kwa hiyo mpishi lazima achague mashaka anayoweza kuishi nayo. Sisi tumechagua kuharibikiwa mara moja katika mara elfu. Ukishachagua unahesabu ngazi, basi.

Chombo chetu kidogo cha majaribio kinahitaji ngazi kumi na mbili. Tangi jipya linabeba mara elfu ya chombo hicho, kwa hiyo vijidudu vya kuanzia navyo ni mara elfu. Je, litahitaji ngazi ngapi? Hilo nakuachia wewe.

Mkuu wetu wa zamu tunamwita Kizibo, kwa sababu akiingia mazungumzo yote yanazibwa. Mimi amenipa koti jeupe na kalamu. Waosha matangi wana magauni ya bluu, na utawajua hata ukiwa umefumba macho, kwa sabuni kali inayonuka mikononi mwao wiki nzima.

Kula vizuri. Mbusu Babu kwenye upara.

Mama Mdogo


Nyumbani,
20 Februari

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Busu limefika, na Babu amesema upara wake si bahasha. Siku hizi anasikiliza redio sana. Cherehani nayo inafanya kazi kama kawaida, ungekuwa hapa ungeisikia. Tumemaliza sare za shule ya chekechea, na mwalimu wao amezisifu.

Mara ya kwanza nilizidisha kumi na mbili kwa elfu moja. Nikapata ngazi elfu kumi na mbili, yaani zaidi ya siku nane za kupika mfululizo. Nikawaonea huruma wafanyakazi wenzako. Mwalimu hakunicheka. Aliniuliza tu, ukiwa na vitu mara elfu, ni kugawa kwa kumi mara ngapi ndiko kutakurudisha ulikokuwa? Nikaona ni mara tatu. Kwa hiyo jibu langu ni ngazi kumi na tano. Tangi kubwa kiasi hicho, na ni ngazi tatu tu zilizoongezeka. Nilifurahi njia nzima nikirudi nyumbani, lakini njiani hapakuwa na mtu wa kumwambia, na Babu nilipomwambia alisema, ‘Vizuri, mchumba, sasa nisaidie kutunga uzi.’

Nina swali moja. Kwa nini msipike saa nzima zaidi, ili muwe na uhakika kabisa? Mvuke si mnao?

Umeandika kwamba majirani mnasalimiana. Je, huwa mnakaa na kuzungumza?

Sindano


Kiwandani,
15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kumi na tano ndilo jibu. Nilimwonyesha barua yako fundi wa valvu, yule anayefungua na kufunga mvuke, akasema uje ushike zamu yake.

Swali lako ndilo ugumu wa kazi hii. Vijidudu na chakula viko ndani ya chungu kimoja, na moto haujui kuchagua. Kila dakika inayoua vijidudu inaua na uji pia. Sukari inaungua, virutubisho vinavunjika, na uji ukipikwa kupita kiasi hamira inadumaa ndani yake. Mpishi mwoga anaharibu chakula sawa na mpishi mvivu.

Kuna jambo jingine ambalo chombo kidogo hakikunifundisha. Chombo kidogo kinapata moto upesi na kupoa upesi. Tangi kubwa linapanda taratibu na kushuka taratibu, na katika muda wote huo joto, likishapita nyuzi mia, linakuwa limeanza kuua. Kupanda na kushuka pia huhesabiwa. Nimepiga hesabu nikaona kwamba safari hizo mbili zitatupa ngazi sita kabla na baada ya lile joto lenyewe. Kwa hiyo juu kabisa tutakaa dakika tisa, wala si kumi na tano.

Tutalipika wiki ya kwanza ya Aprili. Likitoka salama, nitakuja mtakapofunga shule. Mwambie Baba aanze kuchagua nguo za kuacha.

Hapana, hatukai na kuzungumza. Lakini watu ni wema.

Mama Mdogo


Nyumbani,
3 Mei

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Huenda barua yako iko njiani, ila naandika tu, hata kama zitapishana.

Hesabu yako niliisoma mbele ya darasa. Yule aliyeuliza kuhusu mikate ndiye aliyeomba nirudie pale pa sehemu ya kumi ya kijidudu. Mwalimu ameitundika ukutani, karibu na matofali.

Shule tulifunga, na sasa tumefungua. Babu alichagua nguo za kuacha, akapata mbili tu, nikamwambia zote zilizobaki hazitaenea kwenye begi. Alikaa na begi miguuni siku za mwanzo za likizo. Baadaye akaniambia nilifungue, kwa kuwa alihitaji shati lake la kijivu. Tangi lilikwendaje?

Sindano


Nyumbani,
24 Mei

Mama Mdogo,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Tuandikie hata mstari mmoja.

Sindano


Kiwandani,
10 Juni

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Nisamehe kwa kukawia, kazi zilinizidi. Mimi ni mzima. Mvua imenyesha sana na gereji ya jirani imefungwa kwa siku kadhaa, kwa hiyo cheche zangu sina. Nimenunua sufuria ndogo, maana ile kubwa kwa mtu mmoja ni kama kumpikia mtu ambaye hajafika. Barua hii naiandika upesi upesi, ukisikia karatasi inanuka usishangae, ni sabuni, mikono yangu haitakati siku hizi hata niisuuze vipi.

Nimefurahi sana kuhusu darasa. Soma kwa bidii. Habari za kuja tutazungumza baadaye, mambo yakitulia.

Msalimie Baba. Mbona yeye haandiki hata neno chini ya barua zako, kama zamani?

Mama Mdogo


Nyumbani,
28 Juni

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma polepole, kama tunavyofundishwa kusoma swali la mtihani. Kuna mvua, sufuria na gereji, ila tangi halimo. Kuna sabuni pia. Februari uliniambia ni watu gani wa kiwandani wanaonuka sabuni wiki nzima.

Sikuulizi kwa kukusuta. Nami nimekupiga chenga tangu Januari, na leo nimechoka. Umeuliza kwa nini Babu haandiki chini ya barua zangu. Ni kwa sababu haoni mistari. Alianza kulalamika kuhusu taa, akabadilisha balbu, akabadilisha miwani, mwishowe akaacha kulalamika, na hapo ndipo nilipoogopa. Cherehani niliyokwambia inafanya kazi kama kawaida ninaikanyaga mimi. Yeye hukaa kando na kupitisha vidole kwenye pindo, akisema limepinda hapa, na kweli limepinda. Mganga wa zahanati anasema ni mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, na kwamba huondolewa kwa upasuaji katika hospitali kubwa kama ile ya huko uliko. Alisema pia tusichelewe.

Babu aliniapisha nisikuambie. Alisema, ‘Yule ana tangi lake, tusimtie mawazo.’ Wiki iliyopita alimimina chai kando ya kikombe, ikatiririka mpaka chini. Tulicheka wote wawili, kisha mmoja wetu akawahi kuacha kucheka.

Basi mimi nimesema. Sasa sema na wewe.

Sindano wako


Kiwandani,
19 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Umeisoma vizuri barua yangu, kuliko nilivyotaka isomwe.

Hesabu ilikuwa sahihi. Dakika tisa. Kizibo aliikagua akaipitisha, fundi wa valvu akaikagua akaipitisha. Siku yenyewe nilisimama mbele ya tangi, sindano ya kipimajoto ikafika juu, dakika tisa zikapita, ilibidi nipige kengele mvuke ufungwe. Nikaiwaza ile mara moja katika elfu. Nikajiuliza, na kama moja yenyewe ndiyo hii? Nikamwona Baba amesimama mlangoni na wewe nyuma yake umeshika begi. Sikupiga kengele. Nililiacha tangi lipike nusu saa zaidi, ili niwe na uhakika kabisa, na fundi alipoinua macho kunitazama nilimwonyesha kwa mkono asubiri.

Uji ulitoka mweusi kama kahawa iliyosahauliwa jikoni. Ulikuwa safi, mwanangu. Walitafuta kijidudu hata kimoja hawakukiona. Lakini hamira nayo haikutaka kuishi humo. Walilimwaga tangi zima kwenye mfereji wa nyuma, na harufu ya sukari iliyoungua ilikaa uwanjani siku nyingi. Kila aliyepita hapo alinitazama.

Kizibo hakufoka. Aliuliza tu, ‘Si ulikuwa umeshahesabu?’

Sikufukuzwa. Nimevaa gauni la bluu, nasugua matangi kwa ndani, na mtu akiwa ndani ya tangi hasikii chochote isipokuwa pumzi yake. Desemba wataniangalia upya. Nyumba amepewa mwingine.

Habari za macho ya Baba nimezisoma nikakaa chini. Nilitaka kupanda basi siku hiyo hiyo. Lakini nikaangalia hiki chumba kimoja na kitanda kimoja, na kazi nisiyojua kama nitakuwa nayo mwakani. Sitaki kuwatoa kwenye nyumba yenu niwalete kwenye mashaka. Tusubiri Desemba. Nikirudishiwa koti, nikapata nyumba, mambo yakawa ya uhakika, nitakuja. Mwambie Baba avumilie kidogo tu.

Mama Mdogo


Nyumbani,
2 Agosti

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Barua yako nimemsomea Babu yote, sikuruka hata neno. Nilipomaliza alitafuta mkasi wake mezani kwa kupapasa, akaushika bila kukata kitu. Kisha akasema niandike maneno haya kama alivyoyatamka: ‘Mwambie huyo mtoto nilimlea kwenye chumba kimoja chenye cherehani katikati, na alikuwa analala chini ya meza, na hakuna siku aliyoniuliza kama nina uhakika.’

Hayo ni ya Babu. Yangu ni haya, na ukiona yamekosea utanisahihisha, maana wewe ndiye uliyenifundisha.

Ulisema sifuri haipo. Ulisema mpishi huchagua mashaka anayoweza kuishi nayo, anahesabu ngazi, basi. Mimi na Babu tumekaa tukahesabu. Chumba kimoja, tunaweza. Gauni la bluu, tunaweza, na Babu anasema atalipunguza kiuno kwa vidole vyake. Kutojua ya mwakani, hata hapa hatuyajui. Jambo tusiloliweza ni macho yake, kwa sababu hayo hayasubiri, na kila wiki anaacha kitu kimoja alichokuwa anakiona. Wiki hii ameacha saa ya ukutani.

Desemba ni ile nusu saa yako, Mama Mdogo. Tusipike tena. Ukingoja mpaka mashaka yote yafe, utatukuta safi kabisa, na hatutafaa kitu.

Tena ulisema kupanda na kushuka pia huhesabiwa. Mimi tangu ulipopanda basi nahesabu kwamba tunaishi pamoja. Jumamosi ninapofagia chumba chako nakueleza mambo ya shule, kwa sauti ndogo ili jirani muuza mkaa asinione nimeharibikiwa. Nadhani na wewe ndani ya tangi huwa unatueleza. Sasa ngazi hizo zimetosha.

Shule inafungwa mwishoni mwa mwezi. Begi nimelifunga tena. Shati la kijivu nimeliweka juu.

Sindano


Kiwandani,
16 Agosti

Mwanangu Sindano,

Marahaba.

Hospitali nimeuliza. Wanampokea, na anayepanga foleni ya macho ameniandikia siku. Shule iliyo nyuma ya kiwanda nimeuliza pia. Mwalimu mkuu hakuahidi kitu, alisema kwanza anataka kuziona hesabu zako, nikamwambia ziko ukutani kwa mtu. Fundi wa kuchomelea wa pale gereji, ambaye kumbe tangu Januari alikuwa anasubiri nianze mimi kuzungumza, amenitengenezea chuma cha kupitishia pazia. Baba atalala kitandani, wewe na mimi chini, na cherehani, bila shaka, itakaa katikati.

Kazi sijui. Nyumba sijui. Nimemwomba Kizibo ruhusa naye amenipa, na alipokuwa anatoka alirudi akaniuliza mnakuja wangapi.

Nakuja kuwachukua Jumamosi ile mtakapokuwa mmefunga. Sikuiongezea hata siku moja.

Jumamosi hiyo usifagie chumba changu, nitakifagia mwenyewe. Na ukimwona jirani muuza mkaa, mwambie sasa kinapangishwa.

Mama Mdogo